N. wa Wachuka

Jumapili, 16 Machi 2025

Mvua bado. Walisema itaanza wiki iliyopita, lakini vumbi la Kamakwa linaendelea kuingia hadi kwenye mkebe wa sukari. Naandika hapa kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika bila kuandika, Kidato cha Pili hupata insha ya ghafla kesho yake, na wao hawajanikosea.

Ken, mkutubi wa shule yetu, amenitumia kiungo cha maktaba moja ya ng'ambo. Wamepiga picha vitabu vya shule vya zamani vya Afrika Mashariki, ukurasa kwa ukurasa, wakaviweka mtandaoni. Nikafungua, na wa kwanza kunitazama alikuwa kuku kishingo. Kuku wangu! Yule wa jalada la kitabu cha darasa la tatu, amesimama kwenye mlango wa jiko, mguu mmoja juu, anachungulia kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kitabu hicho nimekitafuta tangu nianze kufundisha. Nimekiulizia Nyeri, Karatina na Kerugoya. Shule moja iliniambia waziwazi kwamba vilitumika kuwashia moto wa uji. Sasa kumbe viko salama kwenye baridi ya Ulaya, na mimi mwenye kuku naulizwa kama nakubali vidakuzi kabla sijaruhusiwa kumwona.

Nimetazama picha zote. Mtoto anayeanguka na mtungi wa maziwa. Mama anayemkemea ng'ombe. Mchoraji yule hakuchora watu wa vitabu, alichora watu wa kwetu, hata namna wanavyokunja mikono wakiwa wamechoka kusikiliza.

Halafu nikasoma maelezo. Mchoraji: N. wa Wachuka. Mwanamume, pengine wa maeneo ya Nyeri. Maisha yake hayajulikani. Nikaikuza picha hadi pembe ya chini, na kweli, kando ya ukucha wa kuku kuna herufi ndogo kama chawa: N. wa Wachuka.

Wachuka ni mimi. Lakini kabla yangu alikuwa nyanya yangu, mamake Baba, maana kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake. Na babu alikuwa na wake wawili. Kila mmoja alimpa kifungua mimba wake wa kiume jina la baba yake babu, kama ilivyo desturi, boma moja likawa na akina Nderitu wawili. Ukitaka kumwita mmoja bila wote kuitika, ulimtaja na mamake. Ndiyo maana Baba, Mweiga nzima, ni Nderitu wa Wachuka mpaka leo.

Hayajulikani, eti! Mtu yuko Mweiga anakunywa chai.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia Baba wakati wa mapumziko. Nyumbani tulijua tu kwamba zamani, alipokuwa mwalimu kijana, "alitengeneza kitabu" pamoja na walimu wengine. Picha hazikuwahi kutajwa. Nikamwuliza ni nani aliyezichora.

"Eeh," akasema. "Hiyo ni kazi yangu."

"Baba, na hukutuambia!"

"Mlikuwa watoto. Mngejua nini?"

Nimelia kwenye choo cha walimu, kwa furaha na kwa hasira. Baba ana miaka themanini na tatu, na nchi hii imemsahau kama mwavuli.

Jumamosi, 22 Machi

Mweiga. Nimewapelekea picha kwenye kompyuta. Baba amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akasema, "Aii, kumbe bado ziko!" Mama alikuja nyuma yetu akipangusa mikono, akatazama bila kuinama.

"Huyo kuku alikuwa mkali," akasema. "Alinidona hapa." Akarudi jikoni.

Nilitaka akae. Nilitaka afurahi na mume wake kama watu. Lakini Mama ndivyo alivyo, ukimpa habari njema anakumbuka kuna kitu kwenye moto. Imeniudhi kidogo.

Nimewaandikia watu wa maktaba. Nimewaambia N. ni Nderitu, ni baba yangu, yuko hai, na waache kuandika "hayajulikani" juu ya watu ambao hawajaulizwa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imefika usiku, na stima ikaondoka, naandika kwa mshumaa.

Jumanne, 1 Aprili

Nimejibiwa na mama mmoja wa maktaba, Astrid. Amefurahi kupita kiasi. Anasema wataalamu wao wamemstaajabia N. wa Wachuka kwa miaka, hasa kwa kuwa picha zake zote zinaishia chini kwa mviringo, kana kwamba dunia inakunjwa kumkinga mtoto. Kuna mtu ameuandikia makala nzima. Nimemsomea Baba kwa simu.

"Mviringo," akasema. "Eeh. Hiyo ilikuwa style."

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga shule. Mwai, ndugu yangu anayenifuata, ameshaunda kamati. Shule ya msingi ambayo Baba alikuwa mwalimu mkuu imejenga chumba cha kusomea na ilikuwa ikitafuta jina. Jina limepatikana, na siku pia: tarehe kumi Mei. Mwai akiwa na kamati huwa mtu mwingine, anaongea kama ana kipaza sauti mfukoni.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Viazi vya chini ya bonde vimeanza kuoza. Mama anavichimba mwenyewe, hataki kibarua.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Tumezungumza na Astrid kwa video kutoka sebuleni Mweiga, Baba kwenye koti lake la kanisani, mimi nikishika simu. Baba aliongea vizuri sana. Alieleza jinsi yeye na walimu wenzake walivyokuwa wakipanda basi kwenda Nairobi na bahasha ya picha chini ya shati isiloe. Astrid alikuwa akifuta macho.

Mama aliingia na sinia ya chai katikati ya mazungumzo. Astrid akauliza kama huyo ndiye mke wake.

"Yes," Baba akasema. "She makes very good tea."

Tulicheka sote. Mama aliweka kikombe mbele ya simu, kama vile Astrid angekinywa, akatoka.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika nikiwa ndani ya gari kando ya barabara ya Mweiga kwa sababu nikifika nyumbani nitavunja kitu.

Asubuhi nilikwenda kusaidia kukamua, kwa kuwa mgongo wa Mama umemsumbua na mvua haimpi nafasi. Mtungi wa maziwa wa plastiki ulikuwa umepasuka, akaniambia nichukue ule wa zamani wa alumini kwenye dari ya zizi. Niliushusha, nikaufuta utando wa buibui. Ubavuni, kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyochakaa, kulikuwa na maandishi: N. WA WACHUKA.

Nikafikiria, ni mtungi wa Baba. Kisha nikafikiria tena. Baba hajawahi kushika mtungi wa maziwa tangu azaliwe. Maziwa ya boma hili ni ya Mama, yeye ndiye mwanachama wa ushirika, na gari la maziwa lilipokuwa likipita alfajiri dereva alikuwa akipaza sauti jina la mwenye mtungi. Namsikia hata sasa, nikiwa mtoto chini ya blanketi: "Nyina wa Wachuka! Nyina wa Wachuka!" Mamake Wachuka. Ndilo jina pekee alilokuwa nalo barabarani.

Tena ile W. Mguu wake wa mwisho umepinda nje kama mkia wa mjusi. Nimeikuza W hiyo kwenye kompyuta mwezi mzima. Nimewaonyesha walimu wenzangu, nikawaambia tazameni mkono wa baba yangu.

Nilisimama pale zizini na mtungi, ng'ombe ananitazama. Mama akaja.

"Unangoja nini? Maziwa itaganda kwa matiti?"

"Mama, N. ni nini?"

Aliangalia mtungi, akaniangalia mimi.

"Nani amekuuliza?"

"Mimi ndiye nakuuliza."

"Kamua," akasema.

Nilikamua. Lakini hakukana, na Mama akiambiwa jambo la uongo hulikana kabla hujamaliza sentensi.

Nderitu wa Wachuka na Nyina wa Wachuka. Mwana wa Wachuka mmoja, mama wa Wachuka mwingine. Na mimi, mwalimu wa lugha, mwenye jina lenyewe, nimeona N nikaisoma mwanamume, sawasawa na Wazungu. Sijui nimkasirikie nani kwanza.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi. Baba alikuwa kwenye mkutano wa jumuiya. Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi tulilazimika kukaa karibu, na pengine ndiyo iliyonisaidia, kwa kuwa Mama huongea vizuri mahali ambapo sauti yake haiendi mbali.

Anasema Baba alikuja na hadithi za kile kitabu nyumbani kuzisahihisha. Yeye alizisoma, akaona hazina mtu ndani. Akachora yule kuku nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kumchekesha tu. Baba akaipeleka kalenda Nairobi.

"Wakamwuliza, hii ni wewe? Akasema eeh. Hiyo siku alirudi na nyama."

"Na wewe?"

"Nikapika."

Alichora zote jikoni, maharagwe yakichemka, mimi nikiwa mgongoni au chini ya meza. Meza yenyewe hakuigusa, ilikuwa ya Baba ya kusahihishia. Aliweka karatasi juu ya sinia, akaweka sinia magotini, akachora hadi ukingo wa sinia ulipomzuia.

"Mama, sinia gani?"

"Hiyo tu ya chai. Ya mviringo."

Nikacheka hadi nikalia. Mtu ameandika makala! Dunia inakunjwa kumkinga mtoto, kumbe ni sinia kwa sababu mwanamke hakuwa na meza.

"Na jina?"

"Nilimwambia, basi jina niandike. Akasema andika yangu. Nikafikiria, nikaandika hiyo. Yeye akasoma akaona ni yake. Mimi nikasoma nikaona ni yangu. Hakuna mtu alidanganya."

"Kwa nini hukusema, Mama? Miaka yote hii?"

"Kwa nani?"

Nikamsogelea zaidi.

"Ulichora tena?"

"Walibadilisha kitabu. Na Mwai alikuwa anazaliwa. Wacha hiyo maneno, Wachuka. Mzee amefurahi. Wacha afurahi."

Sitaacha.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemngoja Baba atoke kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayekana au atakayeinamisha kichwa, nikamkuta mtu ambaye hana hatia hata kidogo machoni pake mwenyewe.

"Baba, N. ni nani?"

"Si nilikuambia? Nderitu."

"Mama anasema ni Nyina."

Akacheka. Akaniwekea mkono begani, alivyokuwa akifanya nikileta ripoti mbaya ya hisabati.

"Sasa sikiza. Nyina wa Wachuka si ni bibi yangu, mama yako? Wachuka si ni wewe, mtoto yangu? Huyo Wachuka mwingine si ni mama yangu? Hiyo jina yote ni ya hii boma. Mnapigania nini?"

"Nani alishika kalamu?"

"Na nani alileta wino? Nani alipeleka Nairobi? Ni mimi nilimwambia, hapa weka ng'ombe, hapa weka mtoto anaanguka. Ungemwuliza yeye ofisi iko wapi, angekuonyesha?" Sasa hakuwa anacheka. "Ningesema ni bibi yangu amechora, wangeniambia, mwalimu, tuletee mtu amesoma. Hizo picha zingekuwa wapi leo? Hata wewe hungeziona. Mimi nilizipitisha."

Hapo ndipo ananiudhi zaidi, kwa kuwa hapo ana ukweli. Wangemkataa. Wangeangalia viganja vyake na darasa la saba lake, wangesema asante mama. Baba alilijua hilo vizuri. Lakini hao watu wa ofisi wamestaafu, wamezeeka, wengine wamekufa, na yeye bado anawangoja wakubali ndipo aseme ukweli.

"Astrid alikuuliza mwezi huu," nikamwambia. "Si mwaka wa sabini na tisa. Mwezi huu. Mama akiwa na chai mkononi."

Akavua miwani, yote miwili, akaanza kuifuta. Aliifuta mpaka nikaondoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Kidato cha Pili wameandika insha.

Jumatano, 30 Aprili

Mwai amepiga simu. Mama au Baba, sijui ni nani amemwambia.

"Wachuka, please. Mzee ako na miaka ngapi? Unataka kumwaibisha mbele ya MCA na askofu? Programu imeshaprintiwa."

"Na Mama?"

"Mama mwenyewe hataki! Nimemuuliza. Amesema, mimi sina shida. Sasa wewe ndio uko na shida, si yeye."

"Umemuuliza ukiwa wapi?"

"Kwa simu."

"Baba alikuwa karibu?"

Akabadilisha mada, akasema atanipa sehemu ya kutoa shukrani, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nijue kuchagua maneno. Hivyo ndivyo Mwai hufikiri: mpe mtu kipaza sauti, atakuwa mpole.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Barabara ya Endarasha imekatika. Sikwenda Mweiga.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa nimeapa siendi. Nimekwenda.

Walikuwa wameweka mahema matatu uwanjani, na matope yalikuwa yanavuta viatu vya watu mpaka askofu akahutubia akiwa na gambuti. Kwenye ukuta mpya wamebandika kibao cha jiwe: CHUMBA CHA KUSOMEA CHA MWALIMU NDERITU WA WACHUKA, MCHORAJI. Picha za Mama zimekuzwa kwa ukubwa wa milango na kuning'inizwa pande zote. Watu walikuwa wakizishika na kusema, "Aki huyu ng'ombe ni kama wetu!" Watoto walijipanga chini ya yule wa mtungi wa maziwa, wakaanguka mmoja baada ya mwingine kama yeye, wakacheka. Mama alikuwa kwenye kiti cha pili, kitambaa kipya kichwani, mikono imekunjwa vile vile anavyoichora.

Ndipo nikajiambia, lazima niseme.

Nilipopewa kipaza sauti niliwashukuru wageni. Nikamshukuru Baba kwa kutufundisha kusoma, na hilo ni kweli. Kisha nikasema, "Ndugu zangu, kibao kina kosa moja dogo. Mchoraji alitia sahihi N. wa Wachuka. Hiyo N si ya Nderitu. N ni Nyina. Aliyechora ni mamangu, huyo hapo amekaa."

Nilitarajia kimya. Nilitarajia hata wanizomee. Walicheka! Hema zima, vicheko vya shibe, wanawake wakapiga vigelegele. Mwendesha sherehe alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu huku akijishika mbavu.

"Haiya! Mwalimu wetu ni comedian! Ati Nyina wa Wachuka! Kweli nyuma ya kila mzee kuna mama wa kumpikia, mpigieni Mama makofi!"

Wakampigia makofi, makofi ya kupika. MCA, mwakilishi wa wadi yetu, aliinuka, akamsalimia kwa mikono miwili, akasema bila yeye Mwalimu asingepata nguvu ya kuchora. Na Baba naye akacheka. Alicheka akinitazama mimi, na machoni mwake niliona ameogopa, kisha nikaona ameokoka.

Mama hakucheka. Hakukataa wala hakukubali. Alisubiri makofi yaishe kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke.

Kwenye gari nilimwambia, "Mama, nimejaribu."

"Umejaribu nini? Umefanya watu wanicheke. Nilikuwa nimekaa hapo yangu naangalia picha. Hata sijawahi kuziona zikiwa kubwa hivyo."

Nina hasira na askofu, na MCA, na Mwai, na yule mjinga wa kipaza sauti. Nina hasira na Mama pia, nimeona niandike hivyo bila kujificha. Angesimama. Angesema neno moja tu, "kweli", basi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimewaandikia maktaba tena. Nimeambatanisha picha ya mtungi, W kando ya W. Nimepima sinia na kuwatumia kipimo, walinganishe na mviringo wao. Nimewaeleza nyina ni nini. Nimeandika kwa ukali kuliko adabu inavyoruhusu.

Jumapili, 18 Mei

Mama hapokei simu zangu. Mwai anapokea na kunyamaza.

Alhamisi, 22 Mei

Wamebadilisha! Astrid ameomba radhi kurasa mbili. Kipimo cha sinia kimeingia kwenye mviringo wa kila picha, anasema hakulala siku aliyohakikisha. Nimefungua ukurasa na sasa unasema: Mchoraji, Nyina wa Wachuka. Mwanamke. Mweiga, Kenya.

Nimeusoma darasani kwa sauti. Ken amenunua mandazi. Nitampelekea Mama Jumamosi, na apende asipende ataangalia.

Jumamosi, 24 Mei

Jua la kwanza tangu Pasaka. Nilimkuta jikoni anamenya waru, viazi vile vya bondeni. Nilimwamkia, akaitikia, nikajua angalau hilo limekwisha. Nikaweka simu mbele yake juu ya meza, nikakuza maandishi.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akarudia.

"Hii ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Wamekubali. Dunia nzima sasa inajua."

"Inajua nini? Mimi naitwa nani hapa?"

"Nyina wa Wachuka."

Akaweka kisu chini.

"Hiyo ni jina yako. Wameandika jina yako, halafu wakaweka mamake hapo mbele. Sasa mtu akisoma, anajua nani? Anajua wewe." Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti ndani ya nyumba hiyo. "Kwanza baba yako alinifunika na yake. Sasa wewe umekuja na kelele mingi, ati unanifunua, kumbe unanifunika na yako! Na mimi niko tu hapa. Niko hapa na hizi waru. Hakuna mtu ameniuliza."

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliandika hivyo, Mama."

"Niliandika nikijificha! Mtu akijificha kwa mahindi ya watu, mvua ikiisha si anatoka? Ama mnataka nikae huko?"

Nilikuwa na majibu. Mimi huwa na majibu. Nilikuwa na insha nzima kooni kuhusu mtungi na sinia na jinsi nilivyopigana na watu wa Ulaya mpaka wakaomba radhi. Na yote yalikuwa juu yangu, jinsi nilivyoona, jinsi nilivyosema, jinsi nilivyoandika. Nikavuta kigoda nikaketi.

"Niandike nini?"

"Sasa ndio umeuliza," akasema. Alichukua kisu, akamaliza kiazi kimoja kabla ya kuendelea. "Andika Wangeci."

"Phyllis Wangeci Theuri?"

"Phyllis ni ya padre. Theuri ni ya baba yangu. Andika Wangeci."

"Hata Wangeci ni ya nyanya yako, si ndiyo?"

"Ni yake. Alinishika mkono akanipa. Hizo zingine niliwekewa." Akainama juu ya simu kuona ninavyoandika. "Na usiweke h. Watu wa Nairobi wanapenda kuweka h."

Nimemwandikia Astrid hapo hapo, mstari mmoja, bila maelezo na bila hasira, maana sikuwa na haki ya kutumia hasira yake. Mama akausoma, akabonyeza kutuma yeye mwenyewe kwa kidole chenye maji ya waru, na kuisukuma simu kando.

Ndipo Baba akaita kutoka sebuleni, kwa sauti ile ya kila siku. "Nyina wa Wachuka! Chai iko wapi?"

Mama aliendelea kumenya. Baba akaita tena.

"Si amesema Wachuka?" akaniambia bila kuinua macho. "Enda, umeitwa."

Nilikwenda hadi mlango wa sebule, nikamwambia jikoni hakuna mtu wa jina hilo.